Rubani Mpya wa Ndege ya Jeti Hufunzwaje? Mambo Ambayo Abiria Anapaswa Kuyajua

Mwezi Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, mvua kubwa zilikata barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Magari yalikwama pande zote mbili. Hali kama hiyo inapotokea, ndege huacha kuwa anasa kwa mkazi wa Lindi. Mgonjwa mwenye rufaa ya Muhimbili, mfanyabiashara wa korosho na mwanafunzi anayewahi mtihani huanza kuutazama Uwanja wa Ndege wa Mtwara, ulio umbali wa kilomita zipatazo 100 kutoka Lindi mjini, au ndege ndogo zinazoweza kutua Kikwetu na Kilwa Masoko.

Wengi wao hupanda ndege kwa mara ya kwanza, na hupanda na hofu. Wanaikumbuka ajali ya tarehe 6 Novemba 2022, ambapo ndege ya aina ya ATR 42 ilianguka katika Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa, na watu 19 kati ya 43 waliokuwamo wakapoteza maisha. Abiria wa namna hiyo akimwona rubani msaidizi mwenye sura ya kijana akipita kuelekea mbele, hujiuliza: huyu amejifunzia wapi? Isije ikawa anajifunzia kwetu?

Swali hilo ni la haki, na mlipaji wa nauli anastahili kujibiwa bila kuzungushwa. Ndiyo, safari yako inaweza kuwa miongoni mwa safari za kwanza za rubani huyo akiwa na abiria katika ndege ya aina hiyo. Lakini moto wa injini, moshi na upepo mbaya amekwisha kupambana navyo mara nyingi kabla hujakata tiketi, katika chumba ambacho kosa halimuui mtu. Katika makala hii tunaeleza chumba hicho ni kipi, kina uwezo gani, mipaka yake iko wapi, na wewe mtumiaji wa huduma una nafasi gani katika jambo hili.

Simuleta ni nini?

Simuleta ni mashine ya mafunzo inayoiga ndege. Ile ya daraja la juu kabisa, inayojulikana kama daraja D, ina chumba cha marubani kilicho sawa na cha ndege yenyewe: viti, usukani, vioo, taa na kila swichi mahali pake. Chumba hicho husimama juu ya miguu sita inayopanda na kushuka, kikainama, kikatikisika na kuyumba kama ndege iliyo hewani. Mbele ya vioo huonekana picha ya uwanja, mawingu, mvua au usiku wa giza. Nyuma ya marubani huketi mwalimu mwenye skrini yake, na kwa kugusa kitufe anaweza kuzima injini, kuwasha kengele ya moto au kuleta ukungu juu ya uwanja.

Wazo hili si geni. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Link, aliyekulia katika kiwanda cha familia yake cha kutengeneza vinanda huko Binghamton, New York, alitumia mivukuto na pampu za vinanda kutengeneza kijindege cha mazoezi kisichoondoka ardhini. Wengi walikiona kama mchezo wa watoto. Mwaka 1934 jeshi la anga la Marekani lilipewa kazi ya kusafirisha barua, na marubani kadhaa wakafa kwa sababu hawakuzoea kuruka ndani ya mawingu kwa kutegemea vipimo peke yake. Mwaka huohuo jeshi likanunua mashine sita za Link.

Simuleta ya kisasa hugharimu mamilioni ya dola, na ndiyo maana mashirika mengi ya ndege barani Afrika huwapeleka marubani wao katika vituo vichache vikubwa. Kimojawapo ni chuo cha Ethiopian Airlines mjini Addis Ababa, chenye simuleta za aina kadhaa, zikiwamo za Boeing 737 na za Q400 yenye injini za pangaboi. Hivyo basi, ukisikia kwamba rubani wa hapa nchini amekwenda nje kwa mafunzo, fahamu kwamba huo ni utaratibu wa kawaida wa kazi yake.

Kwa nini wasijifunze katika ndege yenyewe?

Mtu wa pwani hahitaji maelezo marefu hapa. Hakuna nahodha wa jahazi anayengoja dhoruba ndipo amfundishe baharia namna ya kulishusha tanga. Kazi hiyo hufundishwa maji yakiwa shwari, mkono ukazoea, ili upepo ukija mkono ufanye bila kungoja kuambiwa.

Kwa ndege, mfano ulio bora ni injini kuzimika wakati wa kupaa. Kila inapoondoka, ndege huwa na kasi iliyokokotolewa mapema, ambayo tunaweza kuiita kasi ya uamuzi. Kabla ya kuifikia, rubani anaweza kufunga breki na kusimama ndani ya urefu wa njia uliobaki. Akishaipita, hana tena nafasi ya kutosha kusimama, na ni lazima apae hata kwa injini moja. Kwa ndege ya jeti, uamuzi huo hufanywa katika muda mfupi mno, ndege ikikimbia zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Ndege za jeti za abiria zimeundwa ziweze kupaa kwa injini moja, ila rubani lazima aishike ndege kwa namna sahihi tangu mwanzo, kwa sababu bawa moja linasukumwa na jingine halisukumwi.

Zamani mazoezi kama haya yalifanywa katika ndege halisi, na yaliua. Tarehe 30 Machi 1967 ndege ya DC-8 ya shirika la Delta ilikuwa katika safari ya mafunzo karibu na New Orleans nchini Marekani, ikiigiza kutua huku injini mbili zikiwa zimepunguzwa nguvu. Ilianguka, ikaparamia nyumba na hoteli, na watu 19 wakafa, wengi wao wakiwa watu wa ardhini ambao hawakuhusika kwa lolote. Katika simuleta, mwanafunzi huanguka mara moja, mwalimu husimamisha picha, wakazungumza, wakaanza upya. Hakuna tone la mafuta lililoungua wala mama aliyefiwa.

Ndege ya jeti ina sababu nyingine. Huruka juu sana, ambako hewa ni nyepesi. Chumba cha ndege kikivuja kwenye kimo cha futi 35,000, mtu asiye na barakoa ya oksijeni hubaki na fahamu zake timamu kwa sekunde 30 hadi 60 tu. Marubani hurudia zoezi hili katika simuleta: barakoa kwanza, kisha mawasiliano, kisha kushuka haraka. Mhudumu anapokuambia uvae barakoa yako kabla ya kumsaidia mtoto, anakufundisha kanuni ileile ambayo rubani amekwisha kuifanyia mazoezi.

Safari ya rubani hadi kufikia kiti cha mbele

Kwa mujibu wa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), mwombaji wa leseni ya urubani wa biashara anapaswa kuwa na saa zisizopungua 200 za kuruka, au 150 iwapo amesoma kozi kamili katika chuo kilichoidhinishwa. Leseni hiyo pekee haimruhusu kuendesha ndege yoyote aitakayo. Kwa ndege kubwa ya jeti ni lazima apate kibali cha aina hiyo ya ndege. Aliyeidhinishwa kwa Q400 hawezi kuingia kesho katika Airbus A220 na kuondoka nayo.

Kibali hicho hutafutwa kwa hatua. Kwanza huja darasa la mifumo ya ndege: umeme, mafuta, breki, injini na kompyuta. Kisha huja vipindi vya simuleta, ambavyo kwa kawaida wanafunzi huvifanya wawili wawili, mmoja akiendesha na mwenzake akisaidia, halafu wakabadilishana. Mwisho huja mtihani mbele ya mtahini aliyeidhinishwa. Rubani asiye na uzoefu wa kutosha wa jeti hutakiwa pia kupaa na kutua mara kadhaa katika ndege halisi isiyo na abiria.

Baada ya hapo ndipo hupangiwa safari zenye abiria, akiwa chini ya rubani mkuu aliyeidhinishwa kufundisha. Hii ndiyo hatua ambayo abiria wengi hawaifahamu, nasi tunaona ni vema mkaijua. Kijana yuko kazini kweli, lakini kando yake yupo mtu mwenye wajibu wa kumtazama na mamlaka ya kuchukua usukani wakati wowote. Hatakuwa rubani mkuu mpaka apate uzoefu zaidi: leseni ya juu ya usafirishaji huhitaji saa zisizopungua 1,500.

Wala mafunzo hayaishii hapo. Wahenga walisema mwanamaji wa Kwale kufa maji mazoea, na sheria za anga zimelizingatia hilo. Viwango vya ICAO vinataka rubani wa shirika la ndege apimwe umahiri wake mara mbili kwa mwaka, mkongwe sawasawa na mgeni. Aidha, asiyepaa na kutua angalau mara tatu katika siku 90 zilizopita haruhusiwi kushika zamu mpaka arudishe mazoezi hayo katika ndege au katika simuleta iliyoidhinishwa.

Mafunzo yanapopungua

Usafiri wa anga umejifunza mambo haya kwa gharama ya maisha ya watu. Tarehe 12 Februari 2009, ndege ya Q400 ya kampuni ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo nchini Marekani ikijiandaa kutua. Watu wote 49 waliokuwamo na mmoja aliyekuwa nyumbani kwake walikufa. Kasi ya ndege ilishuka kupita kiasi na usukani ukatikisika kutoa onyo. Badala ya kuishusha pua ya ndege ili ipate kasi, rubani mkuu aliuvuta usukani. Kifaa kinachosukuma pua chini chenyewe kilifanya kazi yake, lakini akapambana nacho. Wachunguzi walibaini kwamba marubani wa kampuni hiyo hawakuwa wakifanyishwa mazoezi ya kifaa hicho katika simuleta. Baadaye Marekani ilibadili kanuni zake, na ndege kupoteza mwinuko wa mabawa kukawa sehemu ya lazima ya mazoezi ya simuleta.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi. Tarehe 10 Machi 2019, Boeing 737 MAX ya Ethiopian Airlines ilianguka muda mfupi baada ya kuondoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Watu wote 157 walikufa, na 32 kati yao walikuwa Wakenya. Miezi michache kabla, ndege ya aina hiyohiyo ilikuwa imeanguka Indonesia na kuua watu 189. Ndani yake mlikuwa na mfumo mpya wa kompyuta ulioweza kuishusha pua ya ndege wenyewe. Marubani waliotoka katika 737 za zamani walikuwa wamehamishiwa katika MAX kwa kozi fupi ya kompyuta, bila simuleta. Kosa la msingi lilikuwa katika usanifu wa ndege, wala si haki kuwatwisha mzigo huo marubani waliokufa. Hata hivyo, ndege hizo ziliporuhusiwa kurudi angani nchini Marekani mwezi Novemba 2020, moja ya masharti ilikuwa kila rubani apite katika simuleta. Tanzania ilipopokea 737 MAX 9 yake ya kwanza mwaka 2023, masharti hayo yalikuwa yamekwisha kuwekwa.

Mdogo kumwambia mkubwa

Simuleta hufundisha pia jambo lisilohusu mashine. Tumelelewa kumheshimu mkubwa na kutomkatiza maneno. Ni malezi mema, lakini katika chumba cha marubani ukimya wa heshima unaweza kuua. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Tenerife, visiwa vya Kanari, ndege mbili za Boeing 747 ziligongana kwenye ukungu na watu 583 wakafa. Ndege ya KLM ilianza kupaa bila ruhusa. Fundi wa ndege aliyekuwa nyuma ya rubani mkuu aliuliza kama ndege nyingine ilikuwa imekwisha kutoka njiani. Alijibiwa kwa uhakika kwamba imetoka, naye hakuendelea.

Kwa sababu hiyo, rubani msaidizi wa leo hupimwa pia kwa ulimi wake. Mwalimu anaweza kumwagiza rubani mkuu, kwa siri, afanye kosa, ili aone kama kijana atasema waziwazi: "Kapteni, tuko chini mno, tupande." Asiposema, zoezi hurudiwa. Akisema na asisikilizwe, anatakiwa kuchukua hatua. Abiria anayeogopa ujana wa rubani msaidizi ajue kwamba kiti kile kimewekwa ili kuwe na jicho la pili na sauti ya pili.

Mipaka ya simuleta

Itakuwa si uungwana tukiisifia simuleta bila kutaja upungufu wake. Mwanafunzi anajua moyoni kwamba hatakufa. Mwalimu ndiye anayeigiza pia mwongoza ndege, na ruhusa ya kupaa huja kwa urahisi. Katika ajali ya Tenerife, wachunguzi walieleza kwamba rubani mkuu wa KLM alikuwa amefundisha kwa miaka mingi, jambo lililompunguzia mazoea ya safari za kila siku. Kwa hiyo simuleta huandaa. Safari za chini ya uangalizi ndizo zinazokamilisha.

Jambo la pili linawahusu hasa wasafiri wa Kilwa, Mafia na hifadhi za taifa. Maelezo haya ni ya ndege kubwa zenye marubani wawili. Katika ndege ndogo ya injini moja, sehemu kubwa ya mafunzo na upimaji hufanyika ndani ya ndege yenyewe, na mara nyingine rubani ni mmoja. Hilo halimaanishi kwamba ndege hizo hazisimamiwi. Rubani wake ana leseni na hupimwa, na kampuni yake lazima iwe na cheti. Tofauti ni ya njia ya mafunzo, na una haki ya kuifahamu.

Wewe abiria unapaswa kufanya nini?

Kwanza, hakikisha kampuni unayolipia ina Cheti cha Mwendeshaji wa Ndege kilicho hai. Cheti hicho hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), na programu ya mafunzo ya marubani ni miongoni mwa mambo yanayokaguliwa kabla ya kukitoa. Mtu anayekuuzia kiti kwa bei ya chini katika ndege isiyo na cheti cha kubeba abiria, huenda amepunguza gharama hizihizi tulizozieleza.

Pili, safari ikiahirishwa kwa kuwa rubani hajakamilisha upimaji wake, dai taarifa sahihi, na dai huduma unazostahili kwa mujibu wa kanuni na masharti ya tiketi yako. Kampuni ndiyo yenye jukumu la kupanga marubani wa kutosha. Lakini usidai kwamba rubani huyo aruke hivyohivyo.

Tatu, ndege ikikaribia uwanja kisha ikapanda tena, au ikarudi Dar es Salaam kwa sababu ya hali ya hewa, usimlaumu rubani wala usimzomee. Kuacha kutua ni ujuzi unaofundishwa na kupimwa. Rubani anayejua kusema "leo hapana" ndiye uliyemlipia nauli.

Nne, ukiwa na lalamiko, anza kwa kampuni yenyewe kwa maandishi, ukitunza tiketi na pasi ya kuingilia ndani ya ndege. Usiporidhika, lifikishe TCAA au Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga (TCAA-CCC).

Tano, neno kwa wazazi. Kumsomesha mtoto urubani kunaweza kumaliza shamba la mikorosho. Kabla ya kulipa ada, mwanao apimwe afya ya daraja la kwanza na daktari aliyeidhinishwa, kwa maana wapo waliolipa kwanza na kugundua baadaye kwamba macho au moyo hauruhusu. Kisha omba kuona idhini ya chuo, na uandikiwe ni saa ngapi zitakuwa za ndege halisi na ngapi za simuleta, na kama simuleta hiyo imeidhinishwa. Saa za mchezo wa kompyuta, hata ukiwa mzuri namna gani, haziingii katika kitabu cha kumbukumbu za rubani.

Sehemu ya nauli unayolipa hugharimia vyumba hivi vya mazoezi, walimu wake na siku ambazo rubani hukaa huko akijaribiwa badala ya kusafirisha watu. Huioni kwenye tiketi, na tunatarajia kwamba hutapata siku ya kuihitaji. Ukiihitaji, itakuwa imekwisha kulipiwa.